Kwa nini A Wizard of Earthsea imenishika kuliko The Lord of the Rings? Au ni kwa sababu nimekulia ziwani?

#1 MtuWaUjiji (Kigoma)

Habari zenu wanajukwaa. Juzi nimemaliza kusoma kwa mara ya pili A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, na kuna jambo limenikaa kooni hadi nimeona nilitoe hapa. Kitabu hicho nilikisoma kwa siku tatu mara zote mbili, nikiwa nimejifungia chumbani kama mwali. The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, ambayo naambiwa kila siku kwamba ndiyo mama wa riwaya zote za njozi, ilinichukua miezi saba, na nakiri mbele yenu kwamba zipo kurasa nilizoziruka, hasa katika ile sura ya baraza la Elrond ambamo watu wanaketi na kusimuliana mambo ya kale huku adui akizidi kukusanya majeshi.

Sisemi kwamba Tolkien hajui kuandika. Ninachouliza ni kwa nini kitabu kimoja kilinivuta na kingine nilikivuta mimi. Dhana yangu ni hii: dunia ya Le Guin ni visiwa na maji. Ged, kijana mchawi ambaye kitabu kinamsimulia, anasafiri kwa chombo kidogo chenye tanga, anausoma upepo, anaijua hofu ya kuamka asubuhi na kutoiona nchi kavu upande wowote. Mimi nimezaliwa Ujiji, na jambo la kwanza nililofundishwa na baba mdogo lilikuwa kutazama rangi ya maji kabla ya kuuliza habari za samaki. Tolkien anawatembeza watu kwa miguu kutoka mlima hadi mlima, na mimi miguu inaniuma nikiwa nimelala.

Je, tunapenda njozi zinazofanana na nchi iliyotulea, au ninajidanganya? Naomba majibu ya waliosoma, si ya waliotazama filamu peke yake.

#2 Karabai (Kigoma)

Umesema kweli tupu, ndugu yangu. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, nilibaki nyumbani bila kazi, nikavisoma vitabu vitatu vya mwanzo vya Earthsea kwenye simu. Mahali palipoichukua roho yangu ni pale Ged anapopoteza chombo chake kwenye fungu la mchanga, akaunda kingine kwa vipande vya mbao vilivyookotwa ufukweni na kushikanishwa kwa maneno tu. Mtu ambaye hajawahi kukomba maji usiku kucha katika mtumbwi unaovuja atasoma mistari ile na kusema ni uchawi. Mimi niliisoma nikasema huyu mama alishawahi kuwa majini, hata kama alikuwa ameketi mezani kwake Marekani.

#3 MpagaziWaMwisho (Tabora)

Ninawapinga wote wawili, na ninawapinga kwa heshima. Mimi ni mtu wa Tabora, sijui kuogelea wala sina mpango wa kujifunza, na The Lord of the Rings nimeisoma mara nne. Mnakosea mnapodhani kwamba kile ni kitabu cha milima. Kile ni kitabu cha msafara.

Tazameni kinavyokwenda. Watu tisa wanaondoka kwa miguu, wakiwa na mizigo, wakihesabu siku na chakula. Kiongozi wa njia, Gandalf, anapotea katika shimo, msafara unagawanyika, na mwishoni wanabaki wawili, mmoja akiwa amebeba kitu kidogo, pete, kinachozidi kuwa kizito na mwingine akiwa amebeba sufuria. Babu za babu zetu walitembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi, zaidi ya kilomita 800 kwa upande mmoja, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Sam, huyo wa sufuria, anapofika Mordor, nchi ya adui, na kulazimika kuzitupa sufuria zake alizozibeba tangu kwao, mimi nililia, na sikulia pale Gandalf alipoanguka. Mpagazi hutupa chombo cha kupikia akishajua kwamba hatapika tena.

Mkate wa safari wa Maelfu (wale viumbe waitwao elves kwa Kiingereza), ule ambao kipande kimoja kinamtosha mtu kutembea siku nzima, sisi tunao. Unaitwa matobolwa.

#4 AsaliMbichi (Tabora)

Mpagazi, umenifurahisha, lakini usiwapotoshe wavuvi wa watu. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, na utamu wake unamfanya mtu amalize mfuko mzima kabla hajafika hata Igunga. Mkate wa Maelfu ulikuwa unaliwa kidogo kidogo kwa kujizuia, kwa hiyo ni michembe, ambayo hukatwa na kukaushwa ikiwa mibichi, na hakuna aliyewahi kuila michembe mikavu kwa uroho.

#5 MwalimuMstaafu (Tabora)

Salaam. Naona vijana mmekwishaingia jikoni, basi niwarudishe sebuleni kwa masahihisho mawili.

La kwanza, MtuWaUjiji analinganisha vitu visivyolingana. A Wizard of Earthsea ilitoka mwaka 1968, na Le Guin aliiandika baada ya mchapishaji kumwomba kitabu cha vijana. Ni kitabu chembamba ambacho kurasa zake zinazunguka kwenye mia mbili. The Lord of the Rings ilitoka kwa mafungu matatu kati ya mwaka 1954 na 1955, si kwa sababu mwandishi alitaka iwe tatu bali kwa sababu karatasi zilikuwa ghali baada ya vita na mchapishaji aliogopa hasara, na jumla ya kurasa zake inapita elfu moja. Ukitaka mizani ya haki, chukua The Hobbit ya mwaka 1937, ambayo pia iliandikwa kwa ajili ya watoto. Nadhani hata mtu wa ziwani ataimaliza kwa siku nne.

La pili ni lugha. Tolkien alikuwa profesa wa lugha za kale huko Oxford, na Kiingereza chake hubadilika makusudi kulingana na anayesema: wale watu wafupi waitwao hobbits husema lugha ya kijijini, na wafalme husema lugha iliyojaa vumbi la karne. Msomaji aliyejifunza Kiingereza darasani hukwama hapo, akadhani amechoshwa na milima. Nilifundisha somo hilo kwa miaka mingi na nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Mwanafunzi huwa hasemi kwamba hajaelewa. Husema kwamba kitabu hakina utamu.

#6 MtuWaUjiji (Kigoma)

Shikamoo Mwalimu. Nakubali habari ya urefu, ila ile ya Kiingereza imenichoma kidogo. The Hobbit nimeisoma na niliipenda, na sasa nikikumbuka vizuri, sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ile wanayotoroka ndani ya mapipa mtoni. Unaona? Maji tena.

#7 BintiGongoni (Tabora)

Mimi nadhani wote mnazunguka mbuyu. Earthsea inatushika kwa sababu ya majina.

Kumbukeni utaratibu wake. Kila mtu ana jina la kweli, ambalo anapewa anapovuka utoto, na hulijua yeye na aliyempa, pengine na rafiki mmoja au wawili wa kufa na kuzikana. Mbele za watu anatumia jina la kuitwa tu. Kijana huyu utotoni aliitwa Duny, watu wakamwita Sparrowhawk, na jina lake la kweli ni Ged. Atakayelijua jina lako la kweli amekushika, na ndivyo Ged anavyolishika lile joka la Pendor bila kutupa hata jiwe: alikuwa amelibahatisha jina lake katika hadithi za zamani.

Msomaji wa London husoma hayo akasema ni ubunifu mzuri. Mimi niliyasoma nikamkumbuka bibi mzaa mama, ambaye alitukataza kuitika usiku tukiitwa kwa jina kutoka nje hadi tumjue anayeita. Bibi huyo mwenyewe alikuwa na jina lenye maana ya takataka, kwa kuwa waliomtangulia kuzaliwa walikufa na wazazi wakaona afadhali mtoto huyu aitwe kitu ambacho hakuna mwenye husuda atakayekitaka. Jina alilopewa na babu yake tulilisikia siku ya mazishi. Kwa hiyo Le Guin hakunifundisha kitu kigeni. Alikigusa kilichokuwa ndani.

#8 MpagaziWaMwisho (Tabora)

Hapo BintiGongoni ameniweza, japokuwa sitaacha msafara wangu. Na niongeze mfano wa nyumbani: Mirambo, mtemi aliyezitikisa njia zote za biashara hadi kifo chake mwaka 1884, hakuzaliwa na jina hilo. Mirambo ni jina la vita, na kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti. Jina lake la kwanza wanalitaja wanahistoria vitabuni. Mtaani hapa ukiuliza watu kumi, tisa hawalijui.

#9 MamaKurasa (Kigoma)

Nami nina maelezo yangu kuhusu majina, na yanampunguzia BintiGongoni uzito kidogo. Le Guin hakuyaota mambo hayo. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia aliyetumia maisha yake kukusanya lugha na masimulizi ya wenyeji wa California, na mama yake, Theodora Kroeber, aliandika mwaka 1961 kitabu kuhusu mtu anayejulikana kwa jina la Ishi, wa mwisho katika kabila lake la Wayahi. Ishi si jina. Ni neno la lugha yao lenye maana ya mtu. Kwa desturi yao mtu hajitaji jina mwenyewe, na waliobaki wa kumtaja walikuwa wamekufa wote, kwa hiyo akaingia kaburini mwaka 1916 bila yeyote kulijua jina lake.

Binti aliyekulia katika nyumba yenye masimulizi ya namna hiyo hakuhitaji kufika Tabora ili aandike alichoandika. Desturi hii ipo kwa watu wengi duniani, kwa hiyo kama ingekuwa ndiyo sababu, basi kila msomaji mwenye bibi angeshikwa. Mimi ninaye bibi, na Earthsea niliiona baridi. Hakuna anayecheka ndani ya kitabu kile.

#10 KasuluKwetu (Kigoma)

Samahani wakubwa zangu, mbona hakuna anayelitaja jambo lililo wazi? Ged ni mtu mwenye rangi ya udongo mwekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, na watu weupe katika dunia ile ni Wakargi, ambao tunakutana nao kwa mara ya kwanza wakivamia kijiji na kuchoma nyumba. Huo ulikuwa mwaka 1968! Wachapishaji walikuwa wakimchora mweupe kwenye majalada kwa miaka mingi, na ilipotengenezwa tamthilia ya televisheni mwaka 2004 wakampa nafasi hiyo kijana mweupe, hadi mwandishi mwenyewe akaandika hadharani kulalamika.

Kwa Tolkien, watu weusi wanatoka Kusini wakiwa wamepanda ndovu wakubwa, nao wanapigana upande wa Sauron, yule adui mkuu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kupika ugali. MtuWaUjiji hakuchoshwa na milima. Alichoka kujitafuta asijione.

#11 MwalimuMstaafu (Tabora)

KasuluKwetu, hoja yako ni nzito na sitaibeza, lakini ungekiacha kitabu wazi kwa dakika tano zaidi. Katika sehemu hiyo hiyo ya ndovu, shujaa mmoja wa Kusini anaanguka akafa karibu na Sam, na Sam anajiuliza jina lake lilikuwa nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao, na kama hangependa zaidi kubaki nyumbani kwa amani. Aya hiyo ni fupi na haifuti yote unayoyasema. Ila ipo, na anayeisema ni mbeba mizigo.

Pia ni vema kukumbuka kwamba Tolkien ni mzaliwa wa Afrika.

#12 AsaliMbichi (Tabora)

Mwalimu, huo uzaliwa wa Afrika usiutie chumvi. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akaondoka na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu, na baba yake akafia huko mwaka uliofuata. Alichoondoka nacho ni kisa cha kung'atwa na buibui mkubwa bustanini, na hata hicho alisema hakikumbuki. Tukianza kuwadai watu kwa sababu ya kung'atwa na wadudu wetu, orodha itakuwa ndefu.

#13 Karabai (Kigoma)

Mmenikumbusha jambo ambalo nimelifikiria sana nikiwa ziwani. Tolkien alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 alikuwa katika mapigano ya mto Somme nchini Ufaransa, ambako karibu rafiki zake wote wa ujana waliishia katika miaka ile ya vita. Baadaye alisema kwamba vinamasi vya maiti katika kitabu chake vina deni kwa nchi ile ya kaskazini mwa Ufaransa baada ya mapigano hayo. Sasa, Julai ya mwaka ule ule ndipo Waingereza walipoizamisha meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba yetu. Vita vyake na vyetu ni vimoja. Kwa hiyo hata mtu wa Kigoma ana mlango wa kuingilia katika kitabu kile, ingawa mimi binafsi bado napenda Earthsea.

#14 MamaKurasa (Kigoma)

Asante kwa mfano, Karabai, lakini wewe unayepita juu ya maji hayo kila siku hupaswi kukosea. Waingereza hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, na mafundi wake waliipaka mitambo grisi kabla ya kuishusha, kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927. Ukiniuliza, hiyo ni njozi kuliko pete yoyote: chombo kinachopakwa mafuta kama maiti, kinalala chini ya maji miaka kadhaa, kisha kinainuka na kubeba dagaa na abiria.

#15 MpagaziWaMwisho (Tabora)

Na tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Ongezeni na maelfu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote, wengi wao wakafia njiani bila makaburi. Nashukuru, Karabai, umeuimarisha msafara wangu bila kukusudia.

#16 Mkalimani (Kigoma)

Nimesoma uzi wote kimya kimya, na ninashangaa kwamba tumefika mchango wa kumi na tano bila mtu kumtaja Shaaban Robert. Kusadikika ilichapwa mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya fungu la kwanza la The Lord of the Rings. Ni nchi inayoelea angani! Wajumbe sita wanatumwa huku na huko, hadi mbinguni na ardhini, wakirudi na maarifa wanatupwa gerezani. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, ndugu wawili waovu wanageuzwa manyani na ndugu yao analazimika kuwachapa kila usiku huku akilia. Kama hizo si njozi, basi sijui njozi ni nini. Tunagombania ukoo wa wageni ilhali babu yuko uani.

Kuhusu lugha, mchango namba 5 umenifanya nijaribu jambo. Nimetafsiri kurasa kumi za mwanzo za Earthsea kwa ajili ya wanangu. Sparrowhawk nimemwita Kipanga, na mara moja akawa kijana wa hapa Bangwe. Kwa joka sikuhangaika, maana Biblia ya Kiswahili ilikwisha kutupatia joka kubwa jekundu lenye vichwa saba katika kitabu cha Ufunuo. Shida ilinikuta kwenye neno la cheo chake. Nikisema mchawi, mke wangu anakunja uso. Nikisema mganga, anakuwa mtu wa kuchemsha mizizi. Nikisema mwanazuoni, uchawi wote unamtoka. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma hapo Tabora, alimtafsiri Shakespeare na kitabu kikatoka mwaka 1963, lakini yeye hakukutana na kikwazo hiki kwenye jina la kitabu.

#17 BintiGongoni (Tabora)

Mkalimani, tungoje kidogo hapo kwa Shaaban Robert. Kusadikika ni istiari. Kila jina ni fumbo, mshtakiwa ni Karama na mshitaki ni Majivuno, na msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anafundishwa habari za utawala. Tolkien alieleza katika dibaji yake kwamba haipendi istiari kabisa, na kwamba anataka msomaji awe huru kuona anachokiona. Hapo ndipo njia zinapoachana: huwezi kupotea ndani ya Kusadikika, kwa sababu mwandishi anakushika mkono muda wote. Nampenda Shaaban Robert, lakini sijawahi kutamani kuhamia Kusadikika.

#18 Mkalimani (Kigoma)

Hakuna aliyetakiwa kuhamia. Hata Wasadikika wenyewe wangehama kama wangeweza. Lakini nakuuliza, je, Ged kupambana na kivuli chake, ambacho mwishoni anakiita kwa jina lake mwenyewe, si fumbo? Au fumbo likiandikwa na Mmarekani huwa linaitwa kina, na likiandikwa na mtu wa Tanga huwa linaitwa mafunzo? Na kama hutaki kushikwa mkono, soma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kisha uniambie kama kuna mkono wowote uliouona humo.

#19 AsaliMbichi (Tabora)

Nagona niliisoma. Nilipomaliza nilirudi mwanzo kuangalia kama nilikuwa nimeishika juu chini.

#20 KasuluKwetu (Kigoma)

Naomba nirudi kwenye shida ya Mkalimani na mke wake, maana ndiyo inayoeleza kila kitu. Sisi kwetu uchawi haujawa njozi. Nilipokuwa kidato cha pili, mama alikuta chini ya godoro langu kitabu cha kwanza cha Harry Potter, akaona picha ya jalada, akakichukua kwa ncha za vidole na kukipeleka kwa wazee wa kanisa letu. Wiki tatu baadaye mzee mmoja alikirudisha akisema kwamba hakina madhara makubwa. Kurasa zilikuwa zimekunjwa pembe hadi sura ya mwisho, na akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninacho cha pili.

Wazee wa huku wanasimulia kwamba mabaharia wa zamani wakipita rasi ya Kabogo walitupa shanga majini ili wapishwe salama, na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliyaandika hayo kama kichekesho. Mtu aliyekulia na habari hizo hawezi kusoma uchawi wa kitabuni akiwa ametulia kama mtu aliyekulia bila hizo. Earthsea inatufaa kwa sababu inauchukulia uchawi kama jambo zito lenye gharama: ukiutumia kwa majivuno, unafungua mlango usioweza kuufunga. Kwa Rowling, mwandishi wa Harry Potter, ni somo la shule lenye mitihani.

#21 BintiGongoni (Tabora)

Shule ya wachawi ya Roke ilitangulia ile ya Rowling kwa miaka 29, na nayo ilikuwa na walimu na mitihani, kwa hiyo usiwaonee watoto wa 1997. Tena kwa kuwa tunasifu sana, nitie doa: Roke hakikubali mwanamke hata mmoja, na kitabu kina methali ya kisiwani inayoudharau uchawi wa wanawake, ambayo mwandishi, mwanamke, aliipitisha bila kupepesa macho. Alikuja kuyarekebisha mwenyewe katika Tehanu mwaka 1990. Tolkien mnayemsema hana wanawake alimpa Éowyn kazi ya kumwua bwana wa Nazgûl, wale watumishi wa kutisha wa Sauron, ambaye hakuna mwanamume aliyemweza.

#22 MpagaziWaMwisho (Tabora)

Na vitabu vya sasa je? Hakuna anayevisoma? George R.R. Martin alitoa kitabu cha tano cha A Song of Ice and Fire mwaka 2011 na mpaka sasa tunangoja cha sita. Niliyeanza naye kusoma amekwisha kuoa, kujenga, na kupata watoto watatu.

#23 Mkalimani (Kigoma)

Mimi ninasoma Binti ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, iliyopata tuzo za Hugo na Nebula. Msichana Mhimba wa Namibia anatoroka kwao kwenda kusoma katika chuo kilicho kwenye sayari nyingine, akiwa amejipaka udongo mwekundu wa nyumbani. Baadhi watasema ni sayansi na si njozi, na sina nguvu za kubishana. Nilichekea jina tu. Kila ninapoona limeandikwa, nasikia sauti ya shangazi akiita mtu aje aoshe vyombo.

#24 MamaKurasa (Kigoma)

Na tusimsahau Fagunwa, Mnigeria aliyeandika kwa Kiyoruba mwaka 1938 habari za mwindaji katika msitu wa mapepo, mwaka mmoja tu baada ya The Hobbit. MtuWaUjiji, ile kauli yako ya mama wa riwaya zote naona hakuna aliyeikosoa. Huyo mama ana dada zake.

#25 MtuWaUjiji (Kigoma)

Nashukuruni nyote. Sikuwa kimya bure. Jumamosi, kwa kuwa mbalamwezi ilikuwa imewarudisha wavuvi nyumbani, nilikwenda Kibirizi kwa baba mdogo, nikamsimulia Earthsea kwa Kiswahili tangu mwanzo. Nilitaka kuijaribu dhana yangu kwa mtu wa ziwani asiyejua Kiingereza, ili Mwalimu asije akaniambia tena habari za darasani.

Alisikiliza huku akiziba nyavu. Majina hayakumshangaza. Kivuli hakikumshangaza, alisema tu kwamba kijana alilelewa vibaya. Lakini nilipofika mahali Ged anapouita upepo ujaze tanga lake akiwa katikati ya bahari shwari, aliweka sindano chini akauliza, "Huo upepo ameutoa kwa nani?" Nikamwambia ni upepo wa uchawi. Akasema hapana, upepo hauzaliwi, unahama. Kama kwake umevuma, basi kuna mwenzake mahali fulani ambaye tanga limemlalia na hajui kwa nini.

Wanaokumbuka kitabu wanajua kwamba hilo ndilo hasa fundisho la Roke: mvua ikinyeshwa huku, huenda ukame ukaenda kule. Sikuwa nimemwambia bado. Kwa hiyo narudi kwenye hoja yangu ya mwanzo nikiwa na nguvu mpya: ni ziwa.

#26 MpagaziWaMwisho (Tabora)

Si ziwa. Mama yangu ni mkulima wa karanga huku Uyui, hajawahi kuliona ziwa lolote, na kila mwaka mvua ikikatika husema kuna mtu ameivuta upande wake. Swali la baba mdogo wako lingeulizwa na mkulima yeyote.

Ila nina ombi. Nipe nakala yako ya Earthsea, nami nitakupa yangu ya The Lord of the Rings, ambayo imetiwa alama za kalamu kila mahali msafara unapopungukiwa chakula. Wiki ijayo kuna ndugu yangu anakuja Kigoma kwa treni. Umsimulie baba mdogo nayo, uanzie kwa Sam, usianzie kwa baraza la Elrond.

#27 MtuWaUjiji (Kigoma)

Nimekubali. Mwambie huyo ndugu aje pia na matobolwa.

#28 AsaliMbichi (Tabora)

Michembe.